Kiganja Ubavuni mwa Fahali

Haya, kaeni karibu, niwategee kimoja kabla hamjasinzia. Sina ulimi, nimelala palepale uliponiacha, na wewe ukishafika mbali mimi bado nakutaja jina. Mimi ni nani?

Kivuli? La, kivuli hakibaki nyuma, kinakufuata kama mbwa mwenye njaa. Mwangwi? Mwangwi una ulimi, tena mrefu kuliko wa mama mkwe. Mmeshindwa. Nipeni mji, na uwe mji wenye maji matamu na nyama ya kondoo. Haya, nimeufikia mji wenu, nimekula, nimelala, nimerudi na jibu langu. Ni alama. Alama ya mguu mchangani, alama ya mkono ukutani. Mtu anaweza kukataa alichosema, anaweza kukataa hata alichoonwa nacho, lakini alama yake haina aibu, itamtaja tu.

Na kwetu huku, chini ya milima ya Suleiman, ilikuwapo alama moja iliyomtaja mtu asiyehusika.

Asubuhi yenyewe Granaz alikuwa kwenye tanuri la Zar Khatun akibandika mikate. Nyumba zao zilipakana ukuta na tanuri lilikuwa moja, kwa hiyo hata siku ambazo wanaume wao waligombania maji ya mfereji mpaka mishipa ikawasimama shingoni, wanawake hawa wawili walioka pamoja. Utamnuniaje mwenzio huku unamwomba unga?

"Mama Bijjar, mkate wako unaungua," alisema Zar Khatun. "Mawazo yote yako kwenye harusi ya mwanao."

"Nawaza wageni, dada. Ukoo mzima wa yule binti unakuja, na nimesikia wanakula."

"Ungemchagulia wewe mke, ungetafuta ukoo wa wagonjwa wa tumbo."

Walikuwa bado wanacheka fahali alipoingia uani. Alikuwa fahali mweupe wa Haibat, mume wa Zar Khatun, mweupe kama mtindi, na mwenyewe alimwendekeza kuliko watoto. Haibat alikuwa ameondoka naye alfajiri kwenda kulinda zamu yake ya maji shambani. Sasa fahali karudi peke yake, kamba inaburuta. Na ubavuni, katikati kabisa ya ule weupe, palikuwa na kiganja chekundu kilichokunjuliwa vizuri, vidole vyote vitano vikionekana.

Zar Khatun akapiga makofi. "Tazama! Nodak wako kaanza! Mnada wa mifugo bado wiki nzima, yeye keshampaka hina fahali wetu!"

Hakuna mtu kijijini ambaye angekosea mkono ule. Kila mwaka kabla ya mnada, na kabla ya sikukuu ya kuchinja, watu walimwita Nodak, mwana mdogo wa Granaz, awabandikie wanyama wao hina ubavuni, maana walisema mkono wake una baraka. Kiganja kilikuwa kipana, vidole vifupi, kidole cha mwisho kimepinda kwa ndani kama mkia wa nge. Na pale ambapo mimi na wewe tuna mistari miwili inayokaribiana na kuachana, Nodak alikuwa na mmoja tu, umekata kutoka ukingo hadi ukingo. Muuguzi wa mjini aliwahi kuupaka wino mkono ule na kuugandamiza kwenye karatasi. Akampima na kichwa kwa utepe, akampima shingo, masikio na nyayo, kisha akamwambia Granaz kwamba hawa ndio watoto wenye hali ya Down. Huzaliwa hivi, alama za vidole vyao zina mkondo wao, na si laana, wala si kosa la mama. Granaz alishika yale ya mwisho, yakamtosha. Kijijini walisema "mtu wa Mungu" na maneno yakaishia hapo.

"Leo atanitambua!" alisema Granaz. "Hina yangu ya harusi ndiyo hiyo kaimaliza kwa ng'ombe."

Akamsogelea fahali aone kama imekauka. Hina ikikauka hubanduka kama udongo. Hii ilimnata kidoleni, ikavutika. Na nzi walikuwa wameshafika. Nzi hawana habari na hina.

Granaz akanusa kidole chake.

"Mbona umesimama kama mlingoti?" Zar Khatun alikuwa bado anacheka. Kisha akaiona kamba. Akalitazama lango, ambako hakuna mtu aliyekuwa anakuja. "Mama Bijjar. Haibat yuko wapi?"

Wa kwanza kumwona Haibat alikuwa Jangi, mdogo wake. Alimkuta mdomoni mwa mfereji, kifudifudi, beleshi limemwingia kisogoni mpaka mpini ulikuwa umesimama wenyewe. Fuvu lilikuwa limefunguka. Maji ya zamu yake yalikuwa yanaingia shambani kwake kama ilivyopangwa, mekundu, na ngano yake ilikuwa inayanywa. Jangi aliling'oa lile beleshi kwa mguu, na sauti liliyotoa wakati linang'oka ndiyo iliyomtia wazimu. Akarudi nalo kijijini anakimbia, na wanaume wa ukoo wake nyuma, kila mmoja na fimbo yake, wengine na shoka.

Nodak alikuwa kwenye zizi la mbuzi la mama yake. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na ushei, lakini kimo chake kilikuwa cha mtoto anayeanza kubalehe, shingo fupi, macho yamepanda pembeni. Alikuwa amechutama kwenye hori la mbuzi ananawa mikono, na maji yamegeuka rangi ya komamanga.

Jangi alimshika nywele akamburuta nje.

Msidhani Nodak alikuwa mwanakondoo. Aliuma. Alikishika kidole gumba cha Jangi kwa meno mpaka mfupa ukalia, na hakukiachia hata walipompiga mgongoni kwa mpini wa shoka. Ilibidi wampige mdomoni. Meno mawili yaliruka, na Jangi akaanguka chali anaushika mkono wake na kutukana. Hapo wakamzunguka. Fimbo zilishuka juu yake kama watu wanaopura ngano. Kila alipojaribu kuinuka walimpiga magotini, na kila alipojikunja walimkunjua kwa mateke.

Granaz alifika wakati Jangi ameshalinyanyua beleshi. Hakupiga kelele. Alipita katikati ya miguu ya wanaume kama mtu anayeingia majini, akajilaza juu ya mwanawe. Fimbo iliyokuwa tayari njiani ikamwangukia mkono wa kushoto, ukavunjika kama kijiti cha kuwashia moto. Kwa mkono uliobaki akauvuta mtandio kutoka kichwani, akautupa vumbini mbele ya miguu ya Jangi.

Kwetu, mwanamke akitupa mtandio wake kati ya wanaume wanaopigana, silaha zinashuka. Anayeuvuka hazikwi na watu. Fimbo zilishuka. Jangi alibaki na beleshi lake hewani, anahema, damu ya kidole inamtiririkia kwenye mkono wa kanzu.

"Nimeuheshimu mtandio, shangazi," alisema. "Sikukuheshimu wewe, wala huyo kiroboto uliyemlalia. Uokote uvae. Haukufai mara mbili."

Wadera akaja, mkubwa wa koo zote mbili, mzee mwenye ndevu alizozipaka hina na tumbo lililotangulia. Akaangalia damu, akaangalia kichwa cha Granaz kilicho wazi, akageuza uso kwa adabu.

"Mtu wa Mungu hauawi, Jangi. Hilo unalijua."

"Akili ya kupaka hina anayo, Wadera. Akili ya kuua ndiyo hana?" Jangi alimnyooshea Nodak kile kidole kilichotafunwa. "Mkono wake uko ubavuni mwa fahali wa kaka yangu! Kuna mwingine hapa mwenye mkono kama ule? Ajitokeze, tumwone!"

Wadera akamgeukia Nodak. "Mwanangu, umemwua Haibat?"

Nodak alitema damu. Akatikisa kichwa.

"Nani basi?"

Nodak akafumba mdomo, akaubana kwa vidole viwili kama mtu anayefunga mfuko.

Wakati huo ndipo Bijjar alipofika, mwana mkubwa wa Granaz. Kijana mrefu, mzuri, nguo safi, nywele mbichi. Granaz alimwona akija akashukuru Mungu, maana tangu mumewe afe, Bijjar ndiye aliyekuwa ukuta wa nyumba ile. Kisha akaziona nywele zile mbichi. Nani anaoga katikati ya asubuhi ya kumwagilia?

Bijjar alipita katikati ya watu, akamwangalia mdogo wake pale chini, akaondoa macho haraka kama aliyechungulia jua. Akamwinamia Wadera, akamgusa magoti.

"Mkubwa, ndugu yangu hajui afanyalo. Tangu kuzaliwa hajui. Msameheni. Sisi tutatoa fidia ya damu, hata tukiuza ngamia."

Watu wakanong'ona kwamba hiyo ni kauli ya heshima. Lakini Granaz, aliyekuwa chini na mkono uliovunjika kifuani, alisikia kilichokosekana. Kijana wake hakuuliza kulikoni. Hakuuliza kama ni kweli. Alifika na msamaha wake umeshashonwa.

"Sitaki ngamia," alisema Jangi. "Nataka damu."

Wadera akatuma watu wamlete Pir Bakhsh.

Pir Bakhsh alikuwa msoma nyayo, na sifa zake alizitangaza mwenyewe kabla hujamuuliza. Alisema anaweza kumjua mwanamke mwenye mimba kwa kisigino, na mwizi wa ngamia kwa jinsi anavyogeuka kukojoa. Alipofika aliomba kwanza chai yenye sukari nyingi, akainywa yote watu wakimsubiri huku mbu na nzi wakiwala. Kisha akaenda mferejini. Kila unyayo alioupenda aliufunika kwa bakuli la udongo ili upepo usiuguse, mpaka njia yote kutoka kwa maiti hadi zizi la Granaz ikawa imepangwa mabakuli kama karamu ya majini. Fahali alifungwa kwenye mti. Pir Bakhsh akakiangalia kile kiganja, akaweka mkono wake juu bila kugusa, akaguna.

Akamwita Nodak, wakambeba na kumkalisha juu ya kitanda cha kamba. Mzee akatoa uzi. Akampima unyayo, urefu na upana. Akampima kutoka nyonga hadi kisigino. Nodak alimwangalia kwa jicho moja, la pili lilikuwa limevimba limefunga.

"Unanishonea suruali?" aliuliza. Maneno yalitoka mazito, na sasa mapengo yalikuwa yanayapiga mluzi. "Ya bluu."

Mtu mmoja akacheka, kisha akaona haya.

"Miguu ni yake," alisema Pir Bakhsh kwa sauti ili wote wasikie. "Mfupi, mpana, na kati ya dole gumba na cha pili pana nafasi ya kupitisha kamba, na kutoka hapo mfereji unashuka kwenye unyayo. Watu kama hawa ndivyo walivyo. Na mkono ni wake. Lakini huo mkono haukumpiga mtu wala haukumsukuma ng'ombe. Umeegemea. Mtu kasimama hapo, kamwegemea fahali, pengine kalia."

"Alipata wapi damu ya kuegemea nayo?" Jangi alibweka.

"Sijamaliza, bwana mdogo. Mimi nikimaliza nakohoa." Mzee akainua uzi wake. "Huu ndio mguu wake, kutoka nyonga. Mfupi. Mguu wa namna hii unapiga hatua kiasi hiki." Akaonyesha. "Lakini nyayo zinazotoka kwa marehemu zimeachana hivi." Akakunjua mikono mpaka mabega yakalia. "Huyu alikuwa anaruka. Kila hatua anaruka. Na kila unyayo wake una ukingo wa pili nje yake, mrefu, umekanyagwa ukafutika. Hakuwa anatembea peke yake. Alikuwa anakanyaga ndani ya nyayo za mtu mrefu aliyetangulia."

Watu wakageuka kuyatazama upya yale mabakuli.

Granaz aliinamisha kichwa. Nodak alichelewa kutembea. Alifika umri wa watoto wengine kuchunga kondoo, yeye bado anasota kwa makalio. Aliyemfundisha ni Bijjar, ambaye mwenyewe alikuwa kijana mdogo tu. Alimpeleka kwenye mchanga wa mto mkavu, akawa anatangulia hatua moja na kusema, "Weka hapa. Sasa hapa. Usiogope, mimi nimeshapakanyaga, hapaumi." Hivyo ndivyo Nodak alivyojua kwenda. Na mpaka leo, Bijjar akiwa mbele, Nodak hawezi kukanyaga mahali pengine. Anaruka kutoka unyayo hadi unyayo, ulimi nje, anacheka. Kijijini waliona mtu wa Mungu anayeruka tu. Mama ndiye aliyejua anaruka wapi.

Pir Bakhsh alimchutamia Nodak. "Mwanangu, nyayo za chini ni za nani?"

Nodak akaubana mdomo kwa vidole.

"Mtazame mama yako. Nyayo za chini ni za nani?"

"Kimya," alisema Nodak. "Nimeambiwa kimya."

"Nani kakuambia?"

"Kimya."

Pir Bakhsh akainua kichwa, akamtazama Granaz. Macho ya mzee yalikuwa madogo, na hapo hayakuwa na majivuno tena. "Mama wewe unafagia ua huo kila siku. Unaijua miguu yote inayotoka humo. Nyayo za chini ni za nani?"

Granaz alifungua mdomo. Pembeni, mwanawe mkubwa alikuwa anatazama vidole vya miguu yake mwenyewe.

"Sijui," alisema.

Basi Jangi akaona hiyo ni ruhusa. Alimshika Nodak ule mkono wa baraka, akauweka juu ya ukingo wa kitanda. "Nani?" Akakivunja kidole cha shahada. Nodak alipiga ukelele uliowafanya kunguru waondoke mtini. "Nani?" Akakivunja cha katikati. Nodak alijikojolea, akalia kwa jina la mama yake, akalia kwa jina la fahali, akamwita Jangi punda, mwana wa punda, mjukuu wa punda. Lakini jina walilokuwa wanalitaka hakulisema. Wadera ndiye aliyesema basi.

"Mkono ni wake, miguu ni yake, na mdomo hautaki kufunguka," alisema. "Pir Bakhsh ameona mtu wa pili, lakini mtu huyo hana jina. Basi miguu itajibu. Chimbeni handaki la makaa, alivuke kwa miguu mitupu. Akiungua, Jangi, ni wako, na mimi sitakuzuia. Asipoungua, wewe na ukoo wako mtamlipa mama yake."

Wakachimba. Wakajaza kuni za mgunga, maana makaa ya mgunga hayana majivu mengi na moto wake unauma. Mbuzi dume akachinjwa, damu yake ikakingwa kwenye sinia. Hiyo ni ya kumwoshea nyayo akitoka, wazee waone kama pana lengelenge.

Granaz alimfuata Bijjar nyuma ya ghala la bhusa, yale makapi ya ngano ya kulishia mifugo. Mkono wake ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha Zar Khatun. Ndiyo, Zar Khatun alimfunga, huku anamlilia mumewe, huku anamtukana, kisha akamsukuma aondoke.

"Tazama kichwa changu," alisema Granaz. "Leo nimekaa kichwa wazi mbele ya wanaume. Sasa niambie."

Bijjar aliegemea ukuta. "Alinipiga yeye kwanza, mama. Alisema nimemwibia maji. Alinipiga kofi kama mtoto. Nilikuwa na beleshi mkononi. Sikujua limeingia mpaka nilipotaka kulivuta."

"Na Nodak?"

"Alikuwa amenifuata, wala sikumwona. Alijaribu kumwinua. Haibat alikuwa bado anakoroma, na huyu anamwinua, anamwambia amka, amka, maji yako baridi. Nilimtoa hapo nikamwambia ni mchezo. Nikamwambia mchezo wa kimya. Anayesema ameshindwa."

"Wamemvunja vidole."

"Nimesikia!" Aliziba masikio kana kwamba bado inaendelea. "Mama, fikiri. Mimi wataniua leo hii hii, kabla ya magharibi. Yeye hakuna atakayemwua. Nani atamwua mtu wa Mungu, kizazi chake kilaaniwe? Jangi anasema tu. Watamtembeza kwenye moto, miguu itaungua, tutampaka samli, atapona. Miguu inapona, mama. Shingo haiponi."

"Wadera amesema ni wa Jangi."

"Wadera anatisha tu."

"Na asipokuwa anatisha?"

Bijjar alipiga magoti, akamshika miguu, uso wake akauficha kwenye sketi ya mama yake kama alivyokuwa akiuficha zamani radi ikipiga. "Nani atakulisha? Nani atamlisha yeye? Mwanamke yule wa watu keshashonewa nguo za harusi. Mama, nimekuwa mwana mwema kwako. Sema kama sikuwa mwana mwema."

"Umekuwa mwana mwema," alisema Granaz. Na ilikuwa kweli. Aliutia mkono wake mzima kwenye zile nywele, zilikuwa zimeshakauka.

Kuni zilipogeuka makaa, jua lilikuwa linaelekea milimani na ukuta wote wa nyumba ya Haibat ulikuwa mwekundu. Handaki lilikuwa linapumua. Watu wa mbele walirudi nyuma, nyusi zilikuwa zinawawasha. Wadera alisoma dua yake, akauambia moto kwamba ukimgusa asiye na hatia utaulizwa siku ya mwisho.

Wakamleta Nodak wamemshika kwapani. Miguu walikuwa wamemnawisha. Alikuwa ametulia. Vidole vyake viwili vilikuwa vimevimba vimekuwa vyeusi, alikuwa amevibeba kwenye mkono mwingine kama kifaranga. Alimtafuta mama yake kwa lile jicho moja, akamwona, akatikisa kichwa kwa fahari, kama kumwambia: umeona? Sijashindwa.

"Tembea," alisema Jangi.

"Moto," alisema Nodak.

"Ndiyo, moto, mwerevu wee. Tembea."

"Tembea wewe. Una viatu."

Jangi akamsukuma.

Mguu wake wa kulia ulizama kwenye makaa mpaka kifundo. Kulikuwa na sauti, ile ile ya nyama inapogusa bati, na harufu ikafuata, na kisha Nodak mwenyewe. Ukelele wake haukuwa na neno ndani yake. Alijirusha nyuma, wakamdaka. Aliwapiga vichwa, akawang'ata, wakamsimamisha tena ukingoni, mguu ule ameukunja hewani unatoa moshi, ngozi ya unyayo inaning'inia. Katika kujitupa huko kichwa chake kiligeuka upande aliosimama Bijjar. Alimwona kaka yake. Akafungua kinywa, na kila mtu akavuta pumzi. Kisha akakumbuka mchezo. Akautia ngumi mdomoni ule mkono wenye vidole vilivyovunjika, akauma.

Bijjar alikuwa mweupe kama fahali. Hakusogea.

"Hiyo haikuwa hatua!" Jangi alipiga kelele. "Hatua ni ya kuvuka! Mshikeni, tumtupe katikati!"

Granaz alikuwa ameshafika mbele. Hakuna aliyemwona akipita. Alisimama kwenye mdomo wa handaki, kati ya makaa na mwanawe, joto linamla mgongo, ncha ya nguo yake imeanza kufuka. Watu walimpigia kelele atoke. Kichwani hakuwa na kitu cha kuvua. Mkono mmoja ulikuwa umekufa ubavuni.

Alimtazama Bijjar. Alimtazama muda ambao mama anahitaji, na Bijjar akaelewa, akatikisa kichwa, mara moja, polepole, kama mtoto anayeombwa arudishe kitu.

"Mama," alisema.

Granaz akamgeukia yule mzee wa mabakuli.

"Pir Bakhsh. Niulize tena."

Pir Bakhsh alisogea. Chai na sifa zote zilikuwa zimemtoka, alikuwa mzee tu mwenye uzi mkononi. Jangi alikuwa ameganda na Nodak mikononi. Wadera alinyanyua kiganja, makaa yakawa yanatatarika peke yake.

"Granaz binti Shahdad," alisema mzee. "Nyayo za chini ni za nani?"

"Za Bijjar," alisema. "Ni za mwanangu Bijjar."